Je, ni ndoa ya Anne wa Cleves iliyomwangusha Thomas Cromwell?

Msomaji wa Menengai, Nakuru

Hamjambo, ndugu zangu. Kikundi chetu cha kusoma hukutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa Nakuru, na zamu hii ni yangu kuongoza mazungumzo kuhusu Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, aliyetoka katika nyumba ya mhunzi huko Putney, karibu na London, akawa mtu wa pili kwa nguvu katika nchi nzima, kisha akakatwa kichwa tarehe 28 Julai 1540. Kila ninapomsikiliza mtu anayeijua habari hii kwa juujuu, naelezwa kwamba kosa lake lilikuwa moja tu: alimtafutia mfalme mke kutoka Ujerumani, Anne wa Cleves, mfalme alipomwona hakumpenda, na mshenga akalipa kwa shingo yake.

Maelezo hayo hayaniingii akilini. Henry alimwona Anne kwa mara ya kwanza mjini Rochester siku ya mwaka mpya wa 1540, akamwoa Greenwich tarehe 6 Januari huku akinung'unika waziwazi mbele ya watu wake. Hata hivyo, mwezi wa Aprili mwaka huohuo, mfalme yuleyule alimpandisha Cromwell na kumfanya Earl wa Essex, cheo cha makabaila wakubwa ambacho mwana wa mhunzi hakuwahi hata kukiota. Ni nani anayemtunuku mshenga aliyemwoza mke asiyemtaka? Halafu, kabla wiki nane hazijapita, tarehe 10 Juni, Cromwell alikamatwa katika kikao cha Baraza la mfalme.

Ninaomba wenye ujuzi mnisaidie kuelewa ni kitu gani hasa kilichotokea kati ya Aprili na Juni, na kama chanzo cha anguko hilo ni cha zamani zaidi ya ndoa yenyewe. Ninataka wenzangu Jumamosi wapate jambo la kutafuna.

Mama Mkutubi, Kisumu

Ndugu Msomaji, swali lako ni zuri na umeliuliza kwa tarehe, jambo linalonipa moyo wa kukujibu kwa urefu. Mimi naamini kwamba huwezi kulielewa anguko la 1540 bila kwanza kulitazama anguko la 1529, ambalo Cromwell alilishuhudia kwa macho yake akiwa mtumishi wa mtu aliyeanguka.

Kabla yake yeye alikuwako Kadinali Thomas Wolsey, mwana wa muuza nyama wa Ipswich, aliyeendesha mambo ya Henry kwa miaka zaidi ya kumi na minne, akajenga jumba la Hampton Court, akawa na watumishi kwa mamia. Cromwell aliingia katika utumishi wa Wolsey katika miaka ya 1520 baada ya ujana wa kutangatanga Italia na Antwerp, ambako alijifunza biashara ya vitambaa, hesabu, na lugha ambazo wasomi wengi wa Uingereza hawakuwa nazo. Sheria alijifunza kwa kufanya kazi yenyewe, maana chuo kikuu hakukipitia. Kadinali alimtumia kuzifunga nyumba ndogo za watawa zipatazo thelathini ili mali yake ijenge chuo Oxford na shule Ipswich. Likumbuke jambo hilo, kwa sababu kazi aliyoifanya kwa niaba ya Wolsey katika nyumba thelathini ndiyo aliyokuja kuifanya kwa niaba ya mfalme katika nyumba karibu 800.

Wolsey aliangushwa na kitu kimoja tu: mfalme alitaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe, na Kadinali, pamoja na nguvu zake zote, hakuweza kuupata uamuzi huo kutoka Roma. Mwezi wa Oktoba 1529 alinyang'anywa muhuri wa serikali. Mtumishi wake mwingine, George Cavendish, ameeleza jinsi alivyomkuta Cromwell asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote katika nyumba ya Esher, ameegemea dirisha kubwa, kitabu cha sala za Bikira Maria mkononi, machozi yakimtiririka. Cavendish alishangaa, kwa kuwa hakuwahi kuliona jambo la namna hiyo kwa mtu huyo. Cromwell alimwambia kwamba alikuwa akielekea kupoteza kila alichokihangaikia maisha yake yote kwa sababu ya kumtumikia bwana wake kwa uaminifu, na kwamba alasiri hiyo angepanda farasi kwenda London, na huko ama angefaulu ama angeharibikiwa kabla ya kurudi. Alikwenda, akapata kiti katika Bunge, na humo akaendelea kumtetea Wolsey wakati wengine walikuwa wamekwisha kuugeuza uso. Mwisho wa mwaka 1530 Wolsey alikuwa amekufa, akiwa njiani kuletwa London kushtakiwa kwa uhaini, na Cromwell alikuwa ameingia katika Baraza la mfalme.

Hapa ndipo penye jibu langu. Cromwell alipanda kwa kasi: mwangalizi wa hazina ya vito mwaka 1532, katibu mkuu wa mfalme mwaka 1534, naibu wa mfalme katika mambo yote ya Kanisa mwaka 1535, mtunza muhuri wa siri na baroni mwaka 1536. Alitunga na kusukuma sheria ya 1533 iliyozuia rufaa kwenda Roma, ikisema kwamba Uingereza ni dola kamili isiyo na mtawala mwingine juu ya mfalme wake, na mwaka 1534 Bunge likamtangaza Henry kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Lakini vyeo hivyo vyote vilishikwa na uzi mmoja, nao ni imani ya mfalme. Duke wa Norfolk alikuwa na ardhi, ukoo, wapangaji na jina la miaka mingi, na alipokosana na mfalme alirudi kwake mashambani akasubiri hali itulie. Cromwell hakuwa na mashamba ya mababu ya kurudia. Wolsey alikuwa hivyohivyo, na Cromwell alilijua hilo tangu asubuhi ile ya dirishani.

Ndoa ya Anne wa Cleves ilifanya kitu kimoja: iliwapa adui zake nafasi ya kuufikia uzi huo na kuukata. Katika majira yaleyale ya kuchipua ya 1540 mfalme alianza kumpenda Catherine Howard, na binti huyo alikuwa mpwa wa Norfolk. Askofu Stephen Gardiner, adui mwingine wa Cromwell, aliwaandalia karamu nyumbani kwake. Mfalme alitaka kutoka katika ndoa moja ili aingie katika nyingine, na mtu aliyetarajiwa kumfungulia mlango wa kutokea ndiye ambaye, akiufungua, angewaingiza Norfolk na jamaa zake chumbani kwa mfalme. Alikawia. Wolsey pia alikuwa ameonekana kukawia.

Katekista, Kisii

Mama Mkutubi, shikamoo, na ninakushukuru kwa mafunzo hayo. Nakubaliana nawe kuhusu uzi, ila naona umeipita dini kwa haraka mno, na nyakati zile dini ilikuwa suala la uhai na kifo.

Cromwell aliwalinda wahubiri wa mafundisho mapya, yale ya Kiprotestanti. Maagizo yake ya 1538 yaliamuru kila kanisa la parokia liwe na Biblia kubwa ya Kiingereza, mahali ambapo waumini wangeweza kuifikia na kuisoma wenyewe. Mwaka 1539 mfalme, ambaye alikuwa amemkataa Papa lakini hakuikataa misa, alipitisha Sheria ya Vifungu Sita iliyothibitisha mafundisho ya zamani na kutishia moto kwa anayeyapinga. Kuanzia hapo kila mhubiri aliyelindwa na Cromwell alikuwa silaha mikononi mwa Gardiner. Robert Barnes alikuwa mmoja wao, naye alichomwa moto Smithfield pamoja na wenzake wawili tarehe 30 Julai 1540, siku mbili tu baada ya Cromwell kukatwa kichwa. Siku hiyohiyo, mahali palepale, wanaume watatu walioshikamana na Papa walinyongwa kwa uhaini. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado hunihuzunisha, kwamba mfalme mmoja aliwaua kwa siku moja waliosema Kanisa libadilike zaidi na waliosema lisingebadilika hata kidogo.

Shtaka la uzushi lilikuwa miongoni mwa mashtaka makuu dhidi ya Cromwell. Alidaiwa kusema, mwezi wa Machi 1539, kwamba hata mfalme akiyaacha mafundisho mapya, yeye mwenyewe angepigana kwa upanga mkononi kuyatetea. Siamini kwamba mtu mwangalifu kama yeye aliyatamka maneno hayo, lakini mfalme alikuwa tayari kuyaamini, na hilo lilitosha.

Karani Mstaafu, Kakamega

Ndugu zangu, nilitumikia mahakama kwa miaka mingi nikipanga majalada, na kwa hiyo jicho langu huenda moja kwa moja kwenye utaratibu. Mmeeleza vizuri sababu za kumchukia Cromwell. Mimi ningependa Msomaji awaonyeshe wenzake namna alivyouawa, kwa kuwa hapo kuna jambo ambalo halipaswi kupitwa.

Cromwell hakufikishwa mbele ya hakimu. Hakukuwa na shahidi aliyesimama kuulizwa maswali, hakukuwa na utetezi. Bunge lilipitisha sheria iliyomtaja kwa jina kuwa mhaini na mzushi, ikakamilika tarehe 29 Juni 1540, na sheria hiyo ndiyo ikawa hukumu. Mwanzo wake unamtaja kuwa mtu wa daraja la chini kabisa aliyeinuliwa na mfalme, na ninawaomba muyatazame maneno hayo jinsi makabaila walivyoyaweka mbele kabla ya kosa lolote.

Ni nani aliyekuwa ameizoea njia hiyo ya kumhukumu mtu kwa kura bila kesi? Ni Cromwell mwenyewe. Mwaka 1539 aliiongoza Bunge kumhukumu kwa njia hiyohiyo Margaret Pole, Countess wa Salisbury, mama mzee wa miaka zaidi ya sitini, ambaye ushahidi dhidi yake ulikuwa vazi moja lenye nembo, lililoonyeshwa na Cromwell mbele ya mabwana wa Bunge. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kutoka gerezani, katika Mnara wa London, Cromwell alimwandikia mfalme barua ndefu tarehe 30 Juni, akieleza yote aliyoyajua kuhusu ndoa ya Cleves kutokamilika kitandani. Mfalme alikuwa na haja na ushahidi huo, na mimi nasadiki ndiyo sababu hakumuua siku zilezile. Mwishoni mwa barua aliomba huruma, akalirudia neno hilo mara tatu. Ndoa ilibatilishwa tarehe 9 Julai, na baada ya hapo mfalme hakuwa tena na kazi naye.

Pamoja na hayo, sitaki aondoke katika mazungumzo yenu akiwa mhalifu tu. Maagizo yaleyale ya 1538 aliyoyataja Katekista yalimtaka kila kasisi aandike kila Jumapili, mbele ya wazee wa kanisa, ubatizo, ndoa na mazishi ya juma lililopita, na kitabu kifungiwe katika sanduku lenye kufuli mbili. Watu waliogopa kwamba ni mbinu ya kuwatoza kodi. Marehemu mama yangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na tulipohitaji kuuthibitisha umri wake, tulikwenda parokiani, kasisi akafungua daftari la ubatizo lililoliwa pembe na mchwa, akapitisha kidole kwenye mistari ya wino uliofifia mpaka akalifikia jina lake na la baba yake. Kazi ya kuyahifadhi majina ya watu wadogo ina thamani kubwa, na mtu aliyeiamuru katika kila parokia ya nchi yake anastahili kutajwa kwayo.

Mpimaji wa Ardhi, Bungoma

Naomba kuongeza habari moja ambayo watu wa kazi yangu wataielewa upesi. John Stow, aliyeandika habari za jiji la London uzeeni mwake, alikuwa mtoto wakati Cromwell alipojenga nyumba kubwa katika mtaa wa Throgmorton, karibu na watawa wa Austin Friars. Nyumba ilipokamilika, Cromwell alitaka bustani pana zaidi. Bila kumwarifu mtu, wasimamizi wake wa kazi waling'oa ua wa majirani wa upande wa kaskazini, wakapima futi 22 ndani ya ardhi ya kila mmoja, wakavuta kamba, wakachimba msingi na kujenga ukuta mrefu wa matofali.

Baba yake Stow alikuwa na nyumba ndogo karibu na ua huo. Waliing'oa kutoka ardhini, wakaiweka juu ya magogo ya kuviringisha, wakaisogeza futi 22 ndani ya bustani yake kabla mwenyewe hajapata habari. Alipowauliza wasimamizi, jibu lilikuwa moja, kwamba bwana wao ndiye aliyeamuru. Hakuna jirani aliyethubutu kwenda kulalamika. Mzee Stow aliendelea kulipa kodi ileile ya shilingi 6 na peni 8 kwa nusu ya shamba iliyobaki.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kupima kiwanja cha mama mmoja mjane ambaye jirani yake mwenye uwezo alikuwa ameihamisha bikoni, yaani alama ya mpaka, usiku. Nilimkuta mama amekaa juu ya kigoda pale pale lilipokuwa shimo la bikoni ya zamani, ili lisifukiwe kabla sijafika. Ninapoisoma habari ya baba yake Stow, ndiye ninayemwona. Kwa hiyo tunaposema Cromwell aliangushwa na makabaila, tukumbuke kwamba alipoanguka hakukuwa na mtu wa chini wa kumlilia pia. Mwaka 1536, wakulima wa kaskazini walipoasi kwa maelfu chini ya Robert Aske kwa sababu ya kufungwa kwa nyumba za watawa, miongoni mwa madai yao ya kwanza lilikuwa kuondolewa kwa Cromwell. Alikuwa mwana wa mhunzi, lakini wana wa wahunzi hawakumhesabu kuwa wao.

Msomaji wa Menengai, Nakuru

Wazee wangu na Mama Mkutubi, nawashukuru sana. Mpimaji, umenipa mlango wa kuingilia: Jumamosi nitaanza na ile nyumba juu ya magogo kabla sijamtaja mfalme. Nimebaki na swali moja. Je, Henry alijuta, au hiyo ni hadithi iliyotungwa baadaye ili kumsafisha mfalme?

Mama Mkutubi, Kisumu

Ndugu Msomaji, majuto hayo yana ushahidi wa wakati wake. Balozi wa Ufaransa, Charles de Marillac, aliandika mwezi wa Machi 1541 kwamba mfalme alikuwa akiwalaumu washauri wake, akisema kwamba kwa visingizio vidogo na mashtaka ya uongo walimfanya amuue mtumishi mwaminifu kuliko wote aliopata kuwa nao. Yatazame maneno hayo kwa uangalifu, maana hata katika kujuta, mfalme aliliweka kosa mikononi mwa wengine. Yeye ndiye aliyetia saini, na siku Cromwell alipokatwa kichwa, yeye alikuwa jumba la Oatlands akimwoa Catherine Howard.

Kwa ajili ya kikundi chako, tafuteni picha ya Cromwell iliyochorwa na Hans Holbein karibu mwaka 1532 au 1533. Ameketi upande, kofia nyeusi, macho madogo yanayotazama mbali na mchoraji, na mbele yake meza yenye kalamu ya unyoya, kitabu chenye vifungo na barua zinazomngoja. Mkono umekunja karatasi, na kwenye moja ya barua zile kumeandikwa cheo chake cha hazina ya vito, mojawapo ya vyeo vyake vya kwanza. Mchoraji huyohuyo ndiye aliyetumwa mwaka 1539 kuichora sura ya Anne wa Cleves.

Mwulize pia mwenzako yeyote atakayesema kwamba Norfolk alishinda. Siku ya kukamatwa, saa tisa alasiri, Cromwell aliitupa kofia yake chini kwa hasira, na Norfolk akamvua shingoni nishani ya Mtakatifu George kwa mkono wake mwenyewe. Catherine, mpwa wake, alikatwa kichwa mwezi wa Februari 1542. Mwezi wa Januari 1547 Norfolk naye alikuwa katika Mnara uleule wa London, amehukumiwa kwa sheria ya Bunge bila kesi, akingoja kuuawa asubuhi, na usiku wa kuamkia siku hiyo, tarehe 28, Henry alifariki, ndipo mzee yule akabaki hai.